Moshi Uingie Chunguni, Usiingie Kifuani

  Mazungumzo ya leo yanatoka hapa Mbozi Mission, na yanahusu sufuria moja inayopikiwa nje: maharage, nyama, nyanya na pilipili, vyote vikatokota pamoja mpaka rojo likawa zito na kukolea harufu ya moshi. Nina sababu mbili za kukileta chakula hiki hewani. Kwanza ni kitamu mno, na karibu kila kinachohitajika kinalimwa au kufugwa humu humu mkoani Songwe. Pili, kinanipa nafasi ya kusema neno ambalo limenikaa moyoni kuhusu moshi wenyewe. Tumeuacha uingie pasipo pake, vifuani mwa mama zetu na watoto wetu, na pale ambapo ungetufaa, ndani ya chakula, mara nyingi hatuupati.

Chakula hiki kina ndugu yake ng'ambo. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas huko Marekani, kuanzia miaka ya 1880 hivi, akina mama wenye asili ya Mexico walikuwa wakitoka jioni na masufuria yao, wanakoka moto kwenye viwanja vya mji, wanapanga meza na mabenchi, wanauza rojo la nyama na pilipili kwa askari, wachukuzi na wageni. Wenyewe wanaliita chili. Mama wale walivuma mpaka nje ya Texas, na biashara yao iliendelea hadi miaka ya 1930, wakuu wa mji walipoibana kwa kanuni za afya. Mwaka 1977 Bunge la Texas likaitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa sana habari ya mama wale. Jioni, malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mama lishe wetu wako pale pale kando ya barabara, moto umeshika, na dereva aliyetoka Dar es Salaam anakula ameegemea lori lake.

Huko Texas wapo wanaoapa kwamba chili ikitiwa maharage si chili tena. Ubishi huo tuwaachie wao. Wilaya inayolima maharage kama Mbozi haiwezi kupika rojo la namna hii ikayaacha nje. Wala tusione kwamba tunaiga vya watu. Maharage, pilipili, nyanya na mahindi, vyote vinne asili yake ni bara la Amerika. Vilivushwa kuja Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari, vikaenea, vikapata majina yetu na mapishi yetu. Leo hakuna Mnyiha wala Mnyamwanga anayeviona ni vya mgeni.

Sasa nianze na jambo ambalo wapishi wengi hatulitilii maanani: mkaa wenyewe hauna ladha. Mti ukishachomwa tanurini ukawa mkaa, sehemu kubwa ya vile vinavyoleta moshi imekwisha kutoka kule kule porini. Ndiyo maana mkaa mzuri, ukishashika sawasawa na kufunikwa na jivu jembamba jeupe, huwaka bila moshi wa kuonekana. Unaweza kuchemshia maharage juu yake kutwa nzima, na bado yakawa na ladha ile ile ya maharage ya jiko la gesi. Harufu tunayoipenda kwenye nyama choma inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mafuta ya nyama: tone linaangukia kaa la moto, linaungua papo hapo, na moshi wake unapanda kuishika nyama iliyo juu ya wavu. Ya pili ni kuni halisi, mti ambao haujawa mkaa. Ndani ya mti mna kitu ambacho wataalamu wanakiita lignini, ndicho kinachoupa mti ugumu wake. Lignini ikiungua polepole, bila hewa nyingi, hutoa ile harufu nzito ya moshi mtamu tunayoifahamu kwenye samaki na nyama za kukaushwa. Kwa hiyo mtu akitaka rojo la moshi asiongeze mkaa. Aongeze kipande cha mti.

Na hapo ndipo Mbozi ilipobarikiwa. Wilaya hii ni ya kahawa, na mkulima wa kahawa, mavuno yakiisha, hupogoa mibuni yake. Ile mizee huikata mpaka kisiki ili ichipue upya. Matawi hayo huenda jikoni kama kuni nyingine yoyote, yakawaka, yakaisha. Mimi naomba tuyatazame upya. Mti wa mbuni ni mgumu na umeshikana, unaungua taratibu, na moshi wake ni mwepesi usiokera koo. Kipande chenye unene wa kidole gumba na urefu wa kiganja, kikiwa kimekaushwa vizuri chini ya paa, ukikiweka pembeni mwa makaa kitafuka polepole bila kuwaka ndimi. Vipande vitatu au vinne vinatosha kwa nyama ya familia. Ila kuna tahadhari, na wakulima mnaijua. Mibuni hupigwa dawa, mrututu na nyinginezo, kwa sababu ya kutu ya majani na chulebuni. Chukua basi mti mnene wa shina lililozeeka, usichukue vijiti vilivyopigwa dawa msimu huu, na gome lote ulibandue kwa panga kabla ya kuuanika.

Asiye na kahawa ana magunzi. Gunzi la mahindi lililokauka, lisilo na ukungu, huungua haraka kuliko mbuni na moshi wake una utamu wa mbali. Huko Marekani, jimbo la Vermont, watu wanakaushia nyama ya nguruwe kwa moshi wa magunzi tangu zamani. Sisi tunayo malundo yake kila baada ya kupukuchua.

Msindano usiuguse, utomvu wake hutoa masizi machungu. Mkaratasi nao mafuta yake yananukia dawa mpaka ndani ya chakula. Mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya mchwa ni sumu moja kwa moja. Na jamani, wale wenye mazoea ya kuwashia mkaa kwa mfuko wa nailoni, acheni. Moshi ule wa plastiki unashika wavu, unashika mkaa, na unakuingia wewe mwenyewe uliyeinama kupuliza. Magunzi mawili yaliyopasuliwa na mabua makavu yanawasha jiko vizuri kabisa.

Tuje kwenye maharage, maana hapa ndipo mkaa wa nchi hii unapoteketea. Nyanda hizi ziko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari na mahali pengine zaidi. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Ya Mbozi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukichochea moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani anashangaa maharage yetu yanachukua muda mrefu kuiva. Yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto, huwa magumu zaidi. Kwa hiyo yaloweke usiku kucha, na maji ya kulowekea uyamwage. Kisha, kama una jiko la gesi, yachemshie humo. Kama una presha kuka, hiyo ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu mvuke uliofungiwa hupandisha joto kupita hizo nyuzi 95, na maharage yanaiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Kitu cha kukumbuka ni kwamba maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na sumu hiyo haiondoki kwa moto mdogo. Yachemke kwanza kwa nguvu, ndipo upunguze moto.

Nyanya usiitie mapema. Uchachu wake hukaza ganda la maharage, na ukiitia kabla hayajalainika utasubiri sana. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanafifisha ladha, na katika chakula hiki ladha ndiyo tunayoitafuta. Kuhusu mbegu, kila nyumba ina yake. Kituo cha utafiti cha Uyole, pale Mbeya, kimetoa mbegu nyingi zinazolimwa nyanda za juu kusini, na mojawapo, Uyole 96, ni nyekundu ya kukolea, punje kubwa, inayopendeza machoni ndani ya rojo. Wanaopenda rojo zito wachanganye na ya njano, ambayo huiva haraka na kupondeka.

Maharage yameiva, tutoke nje. Jiko la kuchomea si lazima liwe la dukani. Pipa lililokatwa nusu likawekwa wavu ndilo wanalotumia wachoma nyama wengi, na jiko la mkaa la kawaida lenye wavu juu linatosha kwa familia ndogo. Makaa yakishakuwa na jivu jeupe, yasogeze yote upande mmoja, ili uwe na upande wa moto mkali na upande wa moto wa mbali. Tanguliza nyanya, nane hivi kwa nusu kilo ya maharage, nzima nzima, juu ya moto mkali. Ganda linavimba, linapasuka, linakuwa jeusi, na maji yake yanalia juu ya makaa. Geuza. Pilipili hoho mbili zifanye vivyo hivyo, na vitunguu vitatu vilivyokatwa katikati bila kumenywa, na kichwa kizima cha kitunguu saumu. Vikishababuka viweke kwenye bakuli, funika na sahani mpaka vipoe, kisha uvimenye kwa mkono. Usivioshe. Yale maji yaliyotuama chini ya bakuli yana moshi wote ndani yake, na mtu anayeyamwaga amemwaga nusu ya kazi.

Pilipili kali ndiyo ya mwisho. Iwe pilipili mbuzi, nzima, na kikonyo chake, igeuzwe mara mbili tatu tu mpaka iwe na madoa meusi. Simama upande unakotokea upepo, watoto wakae mbali, kwa sababu pilipili ikipasuka juu ya makaa hewa yake inakaba. Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, na kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Aliyeshika pilipili ajipake mafuta kidogo ya alizeti mikononi, ndipo anawe kwa sabuni, kabla hajagusa jicho lake au la mtoto. Na mezani, aliyezidiwa apewe mtindi. Maji hayamsaidii.

Nyama kilo moja, ya bega au kidari, yenye mafuta. Hapa usimwambie muuza nyama akupe iliyo nyekundu tupu. Bila mafuta hakuna tone, na bila tone hakuna moshi wa nyama. Ikate vipande virefu vyenye unene wa vidole viwili, itie chumvi, iweke juu ya wavu ingali baridi na yenye unyevu, kwa sababu moshi hushika vizuri zaidi kitu kilicho baridi na chepechepe. Sasa ndipo weka vile vipande vya mbuni pembeni mwa makaa. Nyama ianze upande wa moto wa mbali, ivute moshi kwa utulivu, kisha uisogeze kwenye moto mkali ishike rangi. Mafuta yakiwaka ndimi, iondoe upesi mpaka zizime. Moshi mweusi wa mafuta yanayowaka unaacha masizi, na ndani ya masizi hayo mna kemikali zinazohusishwa na saratani. Ikishapata rangi ya kahawia, hata kama kati bado haijaiva, itoe, ikate vipande vidogo kama kete za bao, na maji yake yote yabaki kwenye sinia.

Sufuria sasa. Mafuta kidogo, kijiko cha bizari nyembamba kikaangwe mpaka kinukie, halafu vitunguu, kitunguu saumu, hoho na pilipili, vyote vikiwa vimetwangwa kwenye kinu. Nyanya zifuate, zikaangwe mpaka mafuta yajitenge. Kisha nyama na maji yake, maharage na sehemu ya supu yake. Sufuria ikae juu ya wavu bila mfuniko, upande wa moto wa mbali, na kipande kimoja kipya cha mbuni kikifuka karibu yake. Kama pipa lako lina kifuniko, funika pipa, sufuria iache wazi, moshi utatua juu ya rojo. Kila baada ya dakika chache koroga, ili sehemu ya chini nayo ipate zamu yake. Moto uwe mdogo. Saa moja inatosha, na ikifika karibu mwisho chukua upawa mmoja wa maharage, uyaponde pembeni mwa sufuria, uyarudishe. Hapo rojo linakuwa zito bila unga wala kitu kingine chochote. Onja chumvi. Kamulia ndimu wakati wa kuepua. Kwa wali wa Kyela ni kitamu, kwa ugali wa dona ni kitamu zaidi, na kikilala mpaka kesho yake moshi unakuwa umetulia ndani ya kila punje.

Nimekwenda taratibu kwenye mapishi makusudi, ili uone jambo moja. Makaa yamefanya kazi ya kuchoma na ya ile saa moja ya mwisho tu. Kazi ndefu ya kuchemsha imefanywa na gesi au umeme. Laiti tungepika maharage yetu yote namna hii, magunia ya mkaa yanayoshushwa kando ya barabara yangepungua sana, na miombo inayogeuzwa mkaa ingepata nafasi ya kupumua. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuanzia mwisho wa Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nimesikia watu wakinung'unika kwamba chakula cha gesi hakina ladha. Mimi nasema ladha wanayoililia haikutoka kwenye kuchemsha. Ilitoka kwenye moto wa nje, kwenye mafuta na mti, na hiyo hakuna aliyetunyang'anya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano ni zaidi ya laki mbili. Hao si watu waliokula nyama choma siku ya sikukuu. Ni watu wanaopika kila siku ndani ya jiko lisilo na dirisha, mama akiwa na mtoto mgongoni, macho yamewiva, kifua kinakohoa. Hapa Mission, kituo ambacho Wamoravian walikifungua mwaka 1899, chakula cha harusi na cha misiba kinapikwa uwanjani, na wanaopika huko huvuta moshi mwingi kuliko mtu yeyote, kwa saa nyingi, ili sisi wengine tule. Mtu anayesifia harufu ya moshi kwenye sahani anadaiwa kuuliza nani aliyeuvuta. Wanaume, tusaidieni: jengeni banda la wazi pande zote, tengenezeni majiko yenye bomba, na siku ya maharage mengi changeni mtungi wa gesi.

Neno langu la mwisho ni la msimu huu. Juni na Julai baridi ya Mbozi mnaijua, na mkaa uliobaki baada ya mapishi unavutia kweli kuubeba kuingia nao chumbani. Usiubebe. Mkaa uliokwisha moshi ndio wa hatari zaidi, kwa sababu hewa yake ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kujiokoa. Ukimaliza kupika, mwagia makaa maji pale pale nje, yaanike kesho yake, yatumie tena Jumapili ijayo. Chumbani ingieni na blanketi.